Juu ya Nini Tunalowesha Mihogo Siku Tatu

Ukimuuliza mtoto wa kwetu juu ya nini mama anatia mihogo michungu ndani ya maji siku tatu mbele ya kuianika, atakujibu: "Ni desturi." Jibu si baya, ila halitoshi. Desturi hiyo ina sababu yake.

Muhogo si mmea wa kwetu toka mwanzo. Ulitoka Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16. Kutoka pale ukaingia bara polepole kwa njia za mito na biashara. Mbele yake wazee wetu walikula mtama, ulezi, ndizi na viazi vikuu. Wenyeji wa Amerika walijua kwamba muhogo mchungu una sumu: waliukuna, wakaukamua ndani ya kikapu kirefu, kisha wakaukaanga. Huku kwetu bamama walishika zaidi njia ya maji, mtoni ama ndani ya beseni.

Sasa, sumu inafanyika namna gani? Ndani ya muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Kuna pia enzimu inayoweza kukivunja, lakini kila kimoja kinakaa mahali pake. Ukikata muhogo, ukiutwanga ama ukilainika majini, vinakutana, na sianidi inatoka. Sianidi hiyo inachemka kwenye digrii 26 tu; njo maana inakwenda na maji na hewa. Kisha siku tatu, muhogo umelainika, unanuka ile harufu tunayoijua, na karibu sumu yote imetoka.

Sombe ni vilevile. Tunaitwanga kwanza, kisha tunaipika. Anayetia majani mazima katika maji ya moto anaua enzimu mbele haijafanya kazi, na linamarini inabaki ndani ya sufuria.

Tuangalie sasa upande wa Kwango na Kwilu. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa ambao Wayaka wanauita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu, zaidi mtoto ama mama kijana, anakuwa mzima, kisha kwa ghafula miguu inakakamaa. Haiponi tena. Konzo inawapata watu wanaokula mihogo michungu isiyotengenezwa vizuri, wiki kwa wiki, bila nyama, samaki wala maharagi ya kutosha, kwa kuwa chakula cha namna hiyo njo kinausaidia mwili kuondoa sumu.

Barabara ya lami kati ya Kinshasa na Kikwit ilipotengenezwa katika miaka ya 1970, biashara ya mihogo ilikua sana. Wanunuzi walikuwa na haraka, na katika vijiji vingine siku tatu zikapunguzwa kuwa moja. Konzo ikaonekana pale. Bamama hawakusahau desturi. Soko ndilo lililowasukuma, na hakuna aliyewaeleza zile siku mbili zilikuwa na kazi gani.

Sisi walimu tunafundisha kimia kwa mifano ya mbali, na beseni la mihogo liko nyuma ya nyumba. Tuanzie pale. Binti anayeambiwa "ngoja siku tatu" aambiwe na sababu, ili siku mnunuzi atakapomharakisha ajue kukataa.