Kindu, Pumziko la Wabeba Mizigo

Kindu, mji wa jimbo la Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilizaliwa kwa sababu ya mizigo. Boti zilizopanda mto Lualaba kutoka Ponthierville, mji unaoitwa Ubundu siku hizi, zilikomea hapo, kwa kuwa huko juu mto una maporomoko ambayo chombo hakipiti. Kampuni ya reli ya CFL, iliyoanzishwa mwaka 1902 na tajiri wa Ubelgiji Édouard Empain, ikatandika njia ya kilometa 355 kutoka Kindu hadi Kongolo, na kufikia mwaka 1911 gari la moshi lilikuwa likitembea. Kati ya boti na behewa palikuwa na mabega ya watu.

Lakini kubebeshwa ni desturi ya zamani kuliko reli. Wafanyabiashara wa pwani walipoweka makao yao Nyangwe na Kasongo, pembe za ndovu zilianza kuondoka Maniema juu ya vichwa vya watu, na mara nyingi aliyebeba pembe aliuzwa pamoja nayo mwisho wa safari. Mmisionari na msafiri David Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare kwa majuma mengi, na mwenyewe aliandika kwamba alisoma Biblia nzima mara nne alipokuwa katika nchi hii. Tarehe 15 Julai 1871, siku ya soko pale Nyangwe, watu wa misafara ya wafanyabiashara hao walifyatua bunduki katikati ya umati. Mamia waliuawa kwa risasi au kufa maji katika Lualaba, wengi wao wanawake waliokuja kuuza mazao yao. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliwapa nguvu waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Zanzibar, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana liliwekwa palepale sokoni. Mateka wa Maniema waliokwisha kuuzwa hawakurudi kwao.

Vita vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa mabwana wa misafara. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893. Mizigo haikuondoka, ilibadilisha mwenyewe tu. Dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyoshinda vita hivyo, ilitaka wapagazi na mpira, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, jeshi la Kongo la Ubelgiji lilitumia wapagazi zaidi ya laki mbili katika kampeni zake, ikiwemo ile iliyofika Tabora Septemba 1916.

Injili iliwafikia watu hao wakiwa bado chini ya mzigo, na hilo ndilo linaloeleza kwa nini ilishika mizizi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika eneo hili mwaka 1907, wakati reli inajengwa, na Mapadri Weupe walikuwa upande wa Kasongo. Katika sura ya kumi na moja ya Injili ya Mathayo, Yesu anawaita kwake waliochoka na waliolemewa, naye anaahidi kuwapumzisha. Msikilizaji wa Ulaya huenda alilipokea neno hilo kama mfano wa mambo ya rohoni. Mpagazi wa Lualaba hakuhitaji kufafanuliwa mfano wowote: alijua kamba ya mzigo inavyokata ngozi ya paji la uso. Aliyemletea neno hilo kijijini, tena, mara nyingi hakuwa padri. Alikuwa katekista, mtu wa lugha yake, aliyelala katika nyumba ya udongo kama yake na kula ugali uleule. Historia za misheni zimejaa majina ya Wazungu, na makatekista wengi hawakuandikwa popote. Hiyo ni dhuluma inayostahili kusemwa wazi.

Upande wa magharibi, katika nchi ya Watetela, habari ilianza kwa namna inayogusa moyo hadi leo. Mwaka 1911 wanaume wawili wa Kimethodisti kutoka Marekani waliondoka Luebo, Kasai, kwa miguu: Walter Lambuth, askofu mzungu, na John Wesley Gilbert, profesa mweusi wa Kigiriki kutoka Georgia, aliyezaliwa na wazazi watumwa. Mwanzoni mwa 1912 walifika kwa chifu Wembo Nyama. Ile ilikuwa nchi iliyoteswa na watu wa kiongozi wa vita Ngongo Lutete, waliokamata watumwa miaka ya 1880. Mwana wa watumwa alikuja kuzungumza habari za ukombozi mahali ambapo wazee bado waliwakumbuka ndugu zao waliochukuliwa. Misheni ilifunguliwa mwaka 1914, lakini Gilbert hakurudi tena Kongo. Alifariki mwaka 1923. Wamethodisti wakasogea hadi Tunda, ndani ya Maniema, wakajenga hospitali na shule ya wauguzi. Patrice Lumumba alipita katika shule hiyo akiwa kijana, kabla ya kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya bati ya Kalima.

Ukweli mwingine ni mchungu. Misheni zilikuwa karibu mno na serikali. Wakati wa Vita Kuu ya Pili siku za kazi ya lazima ziliongezwa hadi 120 kwa mwaka, watu wakarudishwa porini kutafuta mpira, na sauti za kanisa kupinga hazikusikika sana. Ndipo wengi wakatafuta wokovu kwingine. Mwaka 1944 Wakumu wa Lubutu walimfuata Bushiri, kiongozi wa dini ya Kitawala, aliyewaahidi mwisho wa utawala wa Wazungu. Jeshi liliuzima uasi huo kwa damu nyingi. Wale watu walikuwa wamelisikia neno la pumziko na kuliamini, ila hawakuliona kwa wale waliolihubiri.

Uhuru ulileta mizigo mingine. Novemba 1961 wanajeshi walioasi waliwaua Waitalia 13 wa Umoja wa Mataifa hapo Kindu. Tarehe 1 Januari 1962, mwisho wa ile reli, wamisionari 20 wa Roho Mtakatifu waliuawa Kongolo kwa siku moja. Julai 1964 waasi walioitwa Simba waliiteka Kindu wakaishika hadi Novemba, na wenyeji wengi waliuawa hadharani. Mwaka huohuo Wamethodisti walimchagua John Wesley Shungu, Mtetela, kuwa askofu wao wa kwanza Mkongomani. Kanisa lilipita mikononi mwa wenyeji katikati ya moto, si baada ya moto kuzimika.

Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD na jeshi la Rwanda. Treni ikasimama. Mwaka 2002 wapiganaji wa Mai-Mai waliuzingira mji, kwenda shambani ikawa hatari, njaa ikaingia. Bidhaa zilisukumwa kwa baiskeli mamia ya kilometa, na mwanamume wa Maniema akawa tena mnyama wa mizigo. Gari la moshi kutoka Lubumbashi lilirudi mwaka 2004.

Leo Kindu ina askofu Mkatoliki, askofu Mwanglikana na askofu Mmethodisti, na Uislamu uliingia Maniema kabla ya Ukristo. Waislamu na Wakristo huzikana, huoana, hukopeshana. Katika mji huo Wamethodisti wanaendesha Kituo cha Mama Lynn, kinachopokea wanawake waliobakwa wakati wa vita, wengine wakiwa wamekataliwa na waume zao. Wanatibiwa, wanasikilizwa, wanajifunza kushona na kulima. Kazi hiyo ni ya polepole na inategemea michango. Sala ipo asubuhi; kisha mama anakaa kwenye cherehani, mtoto wake karibu naye, na hakuna anayemuuliza baba wa mtoto ni nani.