Redio iliyojua kunyamaza

Muulize mzee wa Tanzania aliyekuwa kijana mwaka 1973 anakumbuka nini kuhusu redio ya wakati ule. Ataanza na taarifa ya habari, mpira na salamu za wasikilizaji. Mchokonoe kidogo, atafika kwenye choo.

Mwaka huo ndipo ilipofanyika Mtu ni Afya, kampeni ya kisomo cha watu wazima iliyoendeshwa kwa redio kwa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi, chini ya mwembe au katika darasa lililoachwa wazi na watoto, wakasikiliza habari za malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wameshapewa mafunzo, na kila mmoja alishika kijitabu mkononi. Kipindi kikiisha redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, swali linaulizwa: na sisi hapa kijijini tufanye nini? Mara nyingi jibu lilikuwa jembe. Majani yaliyozunguka nyumba yakafyekwa, mashimo ya vyoo yakachimbwa kwa mamia ya maelfu.

Haikuwa kampeni ya kwanza. Ilitanguliwa na Kupanga ni Kuchagua, Uchaguzi ni Wako na Wakati wa Furaha, na mwaka 1975 ikafuatiwa na Chakula ni Uhai. Hiyo ya afya ndiyo iliyoacha alama ya kuonekana kwa macho, na wataalamu wa nje wakaja kuuliza redio ile ilikuwa na dawa gani. Redio haikuwa na dawa yoyote. Betri zake zilikwisha kila wakati. Zilianikwa juani juu ya bati na kung'atwa kwa meno ili zipate uhai wa robo saa nyingine, kipindi kikaanza kwa sauti ya dume na kumalizika kwa sauti ya mbu. Aliyekulia kijijini anaijua mizani ile: betri zitunziwe kipindi cha kisomo au mpira wa Jumapili? Dawa ilikuwa ile nusu saa baada ya redio kuzimwa, watu walipoanza kubishana.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Vipindi vya redio vya shule vilikuwepo Afrika Mashariki tangu enzi za mkoloni, na baada ya Uhuru vikaongezwa: hadithi, Kiingereza, jiografia, historia. Mwalimu anaweka redio mezani, anazungusha kitufe hadi mikwaruzo ipungue, watoto wanafunga mikono na kutulia. Sauti nzuri kutoka mjini inasema mambo mazuri kwa dakika 20. Kisha kengele. Wapo walionufaika, sikatai, na wapo waandishi na watangazaji waliopenda lugha kwa sababu ya sauti zile. Lakini kimsingi lilikuwa somo la kukaa kimya: mwalimu mmoja amenyamaza ili mwingine, asiyeonekana, azungumze peke yake.

Tanzania iliitumia redio pia kwa kazi nzito zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kila mtoto wa umri wa shule aingie darasa la kwanza ifikapo 1977. Watoto walikuwepo, walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa kufundisha huku wenyewe wakisoma ualimu kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na mkufunzi aliyewatembelea. Takriban vijana 45,000 walipitia njia hiyo kati ya 1976 na 1984. Watani, ambao hawakosekani, wakaigeuza UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Utani huo una uonevu ndani yake. Kijana wa miaka 17 aliyefundisha watoto 60 asubuhi na usiku akasikiliza somo la ualimu kwenye redio ya kuazima hakustahili kuchekwa, na wengi wetu tulijifunza kusoma kwa mikono ya vijana hao.

Mwaka huohuo wa 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, kwa kuona zinakula fedha za kigeni bila faida inayolingana. Televisheni ya Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa miaka 20 hivi, mtu wa Bara aliyesema teknolojia ya kufundishia alimaanisha redio, basi.

Na mwaka uleule wa 1974, mbali kabisa na hapa, lilianza jambo ambalo baadaye lingefika Kenya na Zanzibar. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa fedha za shirika la misaada la Marekani, USAID, walikwenda Nicaragua kufundisha hisabati kwa redio katika shule za msingi. Walitaka mtoto ajibu. Ikawabidi waandike vipindi kwa namna ambayo mtangazaji wa kawaida angeiona ni kosa la kazi: redio inauliza, halafu inanyamaza.

Kwenye mswada kimya hicho kiliandikwa kama sehemu ya maneno. Msomaji anafika kwenye mstari usio na neno, anahesabu moyoni, kisha anaendelea. Chukua mfano. Redio: "Watoto, nne jumlisha tatu ni ngapi?" Kimya. Darasa zima: "Saba!" Redio: "Saba, vizuri. Sasa inueni vidole sita." Kimya kirefu kidogo, kwa sababu vidole vinachukua muda kuliko ulimi. "Mwalimu, andika sita ubaoni." Kimya kirefu zaidi, chaki inatafutwa. Nusu saa nzima inakwenda hivyo, watoto wakijibu, wakiimba, wakisimama, wakiandika, na mwalimu akifanya kazi pamoja na redio badala ya kusimama mlangoni.

Urefu wa kimya ulikuwa fani yenyewe. Kikiwa kifupi, watoto wa nyuma wanapitwa; kikiwa kirefu, darasa linaanza kusukumana. Urefu huo haujulikani studioni. Waandishi walilazimika kwenda kukaa kwenye madawati, kusikiliza kipindi walichokiandika wenyewe kikichezwa, kuangalia watoto wanatabasamu wapi na wanakodoa macho wapi, kisha kurudi kurekebisha. Siamini kwamba watu wengi wanaotengeneza programu za shule leo huketi kwenye dawati la darasa la kwanza kiasi hicho.

Mbinu ilikuwa na upofu wake, tena wa kuchekesha. Redio haisikii. Darasa likipaza sauti "Tisa!", redio itasubiri kwa adabu kisha iseme kwa furaha, "Saba, vizuri sana!" Mtoto mwepesi atajisahihisha kimoyomoyo, mzito ataondoka akidhani tisa na saba ni ndugu. Hapo hakuna mbadala wa mwalimu anayetembea katikati ya madawati.

Hata hivyo watoto wa Nicaragua waliosikiliza walifanya vizuri kuliko wenzao katika mitihani. Mwaka 1980 mbinu hiyo ikahamia Kenya, safari hii kwa Kiingereza. Kenya ilikuwa na sababu yake. Katika shule nyingi za vijijini mtoto alianza kwa lugha ya nyumbani, Kiingereza kikiwa somo tu. Akifika darasa la nne masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na usipokuwa na msingi unazama papo hapo. Mradi uliitwa Radio Language Arts Project. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulitangaza somo la nusu saa kila siku ya shule kwa darasa la kwanza hadi la tatu: kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika, pamoja na nyimbo na vichekesho, na vile vimya vyake vilivyopimwa. Kwa mwalimu ambaye mwenyewe Kiingereza kilimpa taabu, ilikuwa afueni kuwa na msaidizi asiyechoka kutamka neno lilelile. Vipindi hivyo baadaye vilivuka hadi Lesotho na Afrika Kusini, vikarekebishwa na kuendelea kufundisha watoto ambao hawakujua mizizi yake iko Kenya.

Zanzibar mbinu ilipokewa mwaka 2006 kwa jina ambalo ni maelezo tosha: Tucheze Tujifunze. Sera mpya ya elimu ya visiwani ilitaka mtoto apate elimu ya maandalizi kabla ya darasa la kwanza, lakini vijiji vingi vya Unguja na Pemba havikuwa na skuli ya maandalizi. Wizara ya Elimu, pamoja na taasisi ya Kimarekani ya EDC, ikaleta redio. Vikaanzishwa vituo vya vijijini, ambavyo watu walivifupisha wakaviita vituo vya TuTu. Mlezi alikuwa mtu wa hapohapo kijijini, asiye na cheti cha ualimu. Mkeka, redio, mawe na maganda ya kombe ya kuhesabia, watoto ishirini na kitu wanaruka pale redio inaposema rukeni. Kiswahili chenyewe ni cha hapo, na nyimbo zina mahadhi wanayoyajua. Kati ya vyote vilivyofanywa Afrika Mashariki kwa jina la teknolojia ya elimu, mimi naona hiki ndicho kilichomkaribia mtoto zaidi.

Baadaye zikaja skrini, na habari zake wengi wanazijua. Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kompyuta mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni zikakwama, watu wakaenda mahakamani, na mpango ulipoanza rasmi mwaka 2016 mpakato zilikuwa zimegeuka vishikwambi. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilifikishwa kwenye shule za msingi zaidi ya 20,000, pamoja na projekta na kompyuta za walimu. Faida moja isiyopingika ni umeme: shule ambazo zingengoja miaka ziliunganishwa haraka ili vifaa viwe na pa kuchajiwa. Lakini kifaa cha thamani kikifika shuleni, jambo la kwanza mwalimu mkuu analowaza ni wizi. Linanunuliwa kabati la chuma na kufuli kubwa, na ufunguo unakaa kwake. Akienda mkutanoni wilayani, ufunguo nao umekwenda mkutanoni.

Peru walitangulia kujifunza somo hilo kwa bei kubwa. Waligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi, na utafiti uliotoka mwaka 2012 haukuona maendeleo yoyote katika hisabati wala lugha. Watoto walijua kutumia kompyuta vizuri. Hesabu zao zilibaki palepale. Hakuna aliyekuwa amekaa kwenye dawati kuhesabu kimya.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, wote tuliikimbilia redio tena. Kenya ilitumia shirika lake la utangazaji, KBC, kwa masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Tanzania nayo ikapeleka masomo redioni na kwenye televisheni hadi shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni. Kwetu alikuwepo mpwa wangu wa darasa la tatu. Kila asubuhi nilimwekea redio mezani karibu na dirisha, ambako mawimbi yalikuwa mazuri, akaja na daftari na penseli aliyoichonga pande zote mbili.

Siku ya nne kituo kimoja, nisichokitaja, kilikuwa na somo la kuzidisha. Mwalimu aliyefundisha alikuwa na sauti nzuri na alilijua somo lake. Akauliza, "Sita mara nne ni ngapi?" na bila kuvuta pumzi akasema ishirini na nne, tuje sasa kwenye saba mara nane, ambayo ni hamsini na sita, na tukiendelea. Mpwa wangu alikuwa bado anahesabu kwa vidole chini ya meza. Alipomaliza akainua uso na kusema kwa sauti, akiielekea redio, "Ishirini na nne." Redio ilikuwa imeshafika kwenye tisa mara tisa. Akanitazama mimi. "Mjomba," akasema, "mwambie asubiri."