Karatu na Mlima wa Ngorongoro

Msafiri atokaye Arusha hupita kwanza Karatu, nchi ya Wairaki, wakulima wa ngano na maharage. Alfajiri magari ya watalii huondoka hapo kuelekea mlimani. Sisi tuliosimama ukingoni tumelitazama bonde lenye ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, na humo magari mengi yakimzunguka simba mmoja.

Wageni huliita pori tupu, historia yakataa. Wadatoga walichunga humo kabla ya Wamaasai. Mwaka 1959 Wamaasai walihamishwa kutoka Serengeti, wakaahidiwa kuishi Ngorongoro pamoja na wanyama. Katikati ya miaka ya 1970 walikatazwa kukaa ndani ya bonde, na mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku. UNESCO iliitambua Ngorongoro mwaka 1979 kwa maumbile yake. Historia ya binadamu iliongezwa mwaka 2010. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, Handeni.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni amekwisha kuja, tena kwa wingi. Yatupasa basi, walimu na wanafunzi, tuulize kama mwenyeji naye amepona.