Tribes: Gemu Lililoandikwa Upya na Wachezaji

Mwishoni mwa 1998 kampuni ya Dynamix ya Eugene, Oregon, nchini Marekani, ilitoa gemu la kompyuta liitwalo Starsiege: Tribes. Hadithi yake ni ya karne ya 40: wanadamu wametawanyika kwenye sayari za mbali, wamegawanyika makabila, wanapigana. Ila ndani ya gemu hadithi hiyo huioni sana. Ukiacha mazoezi machache, hakuna shujaa wa kumfuata hadi mwisho. Unaingia kwenye intaneti, unajiunga na timu, mnakwenda kuiba bendera ya wenzenu huku mkilinda yenu. Basi.

Gemu nyingi za kupiga risasi za wakati ule, Quake kwa mfano, zilikuwa za vyumba na korido. Tribes ilikuwa na milima na mabonde, na kila mchezaji alibeba mgongoni injini ya kumrusha juu. Shida ni kwamba nguvu ya injini iliisha haraka, na kutoka kambi moja hadi nyingine kwa miguu ni safari.

Hapo ndipo mambo yaliponoga. Wachezaji waligundua kwamba ukishuka mlima huku ukiruka kila unapogusa ardhi, msuguano haupati nafasi ya kukupunguza mwendo. Unateleza! Ukifika bondeni unawasha injini, unapanda mlima wa pili, unashuka tena, kasi inazidi. Wabunifu hawakupanga hivyo. Ulikuwa ufa kwenye hesabu za mwendo, na wangeweza kuuziba. Hawakuuziba. Tribes 2 ya Machi 2001 iliuacha ulivyo, na zilizofuata, Tribes: Vengeance (2004) na Tribes: Ascend (2012), zikaweka kabisa kitufe cha kuteleza.

Ufa huo ulibadilisha kazi ya kila mtu uwanjani. Mwizi wa bendera hakukimbia tena kuelekea kambini. Alianza mbali, nyuma ya mlima, akapita kama mwewe anayenyakua kifaranga. Mlinzi naye alikuwa na ile silaha maarufu ya kurusha visahani, ambavyo vilikwenda polepole kiasi kwamba ukimlenga mtu alipo umeshamkosa. Unalenga pale atakapotua.

Sisi wapenzi wa vitabu hatuchoki kubishana kama kazi ni ya mwandishi au ya msomaji. Kwa Tribes, mimi nampa msomaji. Waandishi walileta sayari, silaha na majina ya makabila. Kile watu wanachokumbuka kuliko vyote waliking'amua wachezaji.

Waandishi wenyewe hawakudumu. Dynamix ilifungwa Agosti 2001, miezi mitano tu baada ya Tribes 2. Kilichosalia kwa mafundi ni maelezo ya Mark Frohnmayer na Tim Gift kuhusu namna gemu lilivyomudu intaneti ya simu ya enzi zile: kila mchezaji alitumiwa kwanza habari zinazomhusu zaidi, nyingine zikasubiri. Miaka kadhaa baadaye, Bungie waliyataja maelezo hayo walipoeleza mtandao wa Halo: Reach.

Mwaka 2008 seva kuu za kuingilia Tribes 2 zikazimwa. Wachezaji wakatengeneza kiraka chao, TribesNext, chenye mfumo wake wa akaunti, wakaendelea kuteleza.