Joto na halijoto: Wien alijua tofauti

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa uzamili aliniletea tafsiri ya sura moja ya fizikia. Sentensi hii ilinikwaza: "Joto likiongezeka, kilele cha mnururisho huhamia kwenye mawimbi mafupi zaidi." Nikamwambia hapo ameteleza, si joto, ni halijoto. Akacheka. "Prof, si ni yale yale tu?"

Si yale yale. Sufuria ya maji vuguvugu yaweza kubeba joto jingi kuliko msumari ulioiva motoni ukawa mwekundu. Lakini kinachong'aa ni msumari.

Wahunzi walijua tangu jadi kwamba chuma huanza na wekundu hafifu, kikaingia rangi ya chungwa, manjano, kisha weupe. Mnamo 1792 Mwingereza Thomas Wedgwood, mwana wa mfinyanzi mashuhuri Josiah Wedgwood, aliripoti kuwa vitu vya aina mbalimbali huanza kuwa vyekundu kwenye halijoto ile ile. Mwaka wa 1859 Gustav Kirchhoff akaenda mbali zaidi: mnururisho wa kitu cheusi kabisa, yaani kinachofyonza mwanga wote unaokiangukia, hutegemea halijoto pekee. Ukubwa wake, au kwamba ni chuma au udongo, si hoja.

Hesabu yenyewe ilitoka Berlin mnamo 1893, kwa kijana wa miaka 29, Wilhelm Wien. Zidisha halijoto kwa urefu wa wimbi la kilele, na jibu halibadiliki: takriban 2,900, ukipima wimbi kwa maikromita na halijoto kwa Kelvin. (Ukitia Selsiasi, umeharibu.) Uso wa jua, wenye Kelvin 5,800 hivi, hutoa nusu maikromita, ndani ya mwanga tunaouona. Mwili wa binadamu, Kelvin 310, hutoa zaidi ya maikromita tisa. Ndiyo maana hatung'ai gizani ingawa tunanururisha usiku kucha.

Sasa weka "joto" hapo uone kama hesabu itasimama. Wanaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi hupata ushahidi wao katika uzembe kama huu. Neno tunalo, ila twalipuuza!

Kijana alirekebisha, kisha akauliza kanuni yenyewe tuiiteje. Wajerumani hutumia Verschiebung, yaani kusogezwa. Nilipendekeza "Kanuni ya Msogeo ya Wien". Yeye anapendelea "mhamo". Bado tunabishana.