Wanaoisubiri Dhoruba kwa Hamu

Juzi binamu yangu aliye Minnesota alinitumia ujumbe wa sauti, furaha tele. Ati wikendi inakuja dhoruba kubwa ya theluji, na jamaa wa kazini amemwahidi kumpandisha pikipiki ya theluji, ile inayoteleza kwa skii mbele na kusukumwa na mkanda nyuma. “Niombee isikose,” akasema.

Nilisikiliza mara mbili. Sisi ni watoto wa Takawiri, kile kisiwa kidogo cha mchanga mweupe karibu na Mfangano. Kwetu sijawahi kusikia mtu akiomba dhoruba ije.

Na si kwamba barafu haitujui. Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa, kwa hivyo upepo hutoka majini na kuelekea milimani. Ukifika Kericho na Nandi, hewa yenye unyevu hupanda juu sana, hupoa na kuganda. Ndiyo maana milima hiyo ya chai ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Barafu inayochana majani ya chai huko, sehemu yake ilianza safari ikiwa maji ya ziwa letu.

Wenye mashamba hawakukaa tu kutazama. Kilimo kikubwa cha chai kilianza Kericho miaka ya 1920, na hasara ya mawe ilikuwa nzito. Kufikia miaka ya 1960 walikuwa wakiyapiga vita mawingu yenyewe: kwanza kwa roketi, kisha kwa ndege zilizomwaga chembe za iodidi ya fedha, ili barafu ianguke ikiwa midogo. Wanasayansi walibishana kama ilifaa. Lakini pesa zilipatikana, marubani wakaruka.

Sasa geuza saa. Usiku nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na joto. Pepo hurudi, hukutana juu ya maji, na ngurumo huanza. Ni saa hizo hizo mvuvi wa omena yuko nje na taa zake, kwa sababu omena hufuata mwanga gizani. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 68,800 hivi, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba huua watu 3,000 hadi 5,000 kila mwaka, katika nchi zote tatu.

Miaka ya ndege za Kericho, mvuvi wetu alikuwa na macho yake na mkono wa kushika upepo. Ni mwaka 2017 ndipo ulianza mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kuboresha utabiri kwa watu wa ziwa. Kumbe wingu lilikuwa lile lile. Kilichotofautiana ni thamani ya kilichokuwa chini yake: jani la chai, au mtu.

Simlaumu binamu. Yeye ana utabiri wa siku tano, nyumba yenye hita, na barabara itakayosafishwa asubuhi. Dhoruba ikishajulikana saa yake, mtu anaweza hata kuifurahia.

Nikamjibu, “Ikija, panda, utume video.” Halafu nikampigia mjomba kisiwani kumuuliza kama leo wanaingia ziwani.

“Tunaingia,” akasema. “Mwezi umefichika, omena wapo.”

Nikamsomea utabiri wa usiku kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia niusome tena, polepole.