Kikohozi cha Mpanda na minong'ono ya majirani

Mtu akikohoa wiki tatu mfululizo pale Mpanda, akakonda na kulowa jasho usiku, majirani huanza kunong'ona. Hawasemi ni kifua kikuu. Wanasema ni "ule ugonjwa". Naye, kwa kuogopa maneno ya watu, hujifungia ndani. Minong'ono hiyo imetoka wapi?

Kifua kikuu ni ugonjwa wa zamani. Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kijidudu chake Machi 24, 1882. Hapa nchini, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977. Kwa ushauri wa Daktari Karel Styblo, makohozi yalipimwa kwa hadubini na mgonjwa akameza dawa mbele ya mhudumu. Katika miaka ya 1980 matibabu ya miezi 8 yakaanza kuchukua nafasi ya yale ya mwaka mzima au zaidi. Shirika la Afya Duniani likaja kuieneza njia hiyo ulimwenguni katika miaka ya 1990. Naam, Tanzania ilikuwa mwalimu wa dunia.

Wakati huo huo adui mwingine alikwisha kuingia. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera. Mwaka huo wagonjwa wa kifua kikuu nchini walikuwa kama 12,000. Miaka 20 baadaye walikuwa wamezidi 60,000.

Kwa nini? Kijidudu cha kifua kikuu kinaweza kulala mwilini miaka mingi. Katika watu 100 wenye kijidudu kilicholala, 5 hadi 10 tu ndio huugua maishani mwao. Lakini virusi vya UKIMWI huingia ndani ya chembe zile zile za damu zinazoulinda mwili na kuziangamiza. Mlinzi akianguka, aliyelala huamka.

Mpanda ina sababu yake ya kuwa macho. Reli kutoka Kaliua ilijengwa kufuata madini ya risasi, na leo wachimbaji wadogo wanatafuta dhahabu mkoani Katavi, mkoa uliotengwa na Rukwa mwaka 2012. Vumbi la mawe hudhoofisha mapafu, na mchimbaji anayehamahama ni rahisi kuacha dawa njiani.

Hata hivyo, si kila anayekohoa ana virusi, wala si kila mwenye virusi ana kifua kikuu. Jibu liko katika vipimo, haliko barazani. Tena daktari anapaswa kujua yote mawili. Mwaka 1991 utafiti uliofanyika Nairobi ulionyesha kuwa thiacetazone, dawa ya bei nafuu ya kifua kikuu, iliweza kuwababua vibaya ngozi wagonjwa wenye virusi, hata kuwaua. Ikabidi iachwe.

Leo kifua kikuu cha kawaida hupona kwa miezi 6, hata kwa mwenye virusi, na dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zimekuwa zikitolewa bure tangu mwaka 2004. Anayeua sasa ni ucheleweshaji, na ucheleweshaji huzaliwa na aibu tunayowatwika wenzetu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Basi jirani akikohoa, tuache kunong'ona. Tumsindikize zahanati.